Bonanza la kwanza la ofisi: usikae kwenye kiti na soda yako

Wadogo zangu mlioajiriwa mwaka huu, na nyie wa fildi pia maana ndo mnasahaulika kuliko wote, naombeni dakika kumi. Muda si mrefu utatumwa ujumbe kwenye grupu la ofisi kwamba Jumamosi kuna tim bildingi, kila mtu avae tisheti ya bluu, basi linaondoka saa 1 kamili asubuhi (litaondoka saa 3), nyie mtajibu "asante sana uongozi" na vidole gumba, afu mtaanza kuulizana pembeni hivi tunaenda kufanya nini huko. Mimi niko mwaka wa nane kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar, nilianzia fildi kama nyie, na miaka mitano sasa niko kwenye kamati ya ustawi, yani ile kamati inayosemwa vibaya pilau likipungua.

Bonanza langu la kwanza lilikuwa Kigamboni na nililiharibu mwenyewe. Nilienda na raba mpya nyeupe, nikatafuta kiti cha plastiki chini ya mnazi, nikakaa na wenzangu wawili tuliotoka nao chuo kimoja, kila mtu na soda yake na simu yake, tukapiga picha, tukala, tukarudi. Hakuna aliyetufukuza na hakuna aliyetuita. Jumatatu nafika ofisini nakuta watu wanataniana, huyu anamwita mwenzie "golikipa", yule anamwambia mkuu wa kitengo "mzee juzi uliruka kama kuku wa mayai", wanacheka mpaka machozi, na mimi nilikuwepo palepale siku nzima ila sielewi utani hata mmoja. Nilikuwa nimeenda kuangalia bahari tu.

Sasa kitu cha kwanza: omba kazi. Sio namba kwenye timu ya mpira, hiyo ukiijua cheza, nasema kazi. Kila bonanza lina vikazi ambavyo hakuna anayevitaka, kugawa maji, kulinda mabegi, kuhesabu watu kwenye basi wakati wa kwenda na wa kurudi. Chukua hiyo ya kuhesabu, nakwambia. Unasimama mlangoni na daftari, kila anayepanda unamuuliza "samahani kaka, sijaliona jina lako hapa, unaitwa nani", na jioni ukianza kutafuta ambao hawajarudi ndo unajua nani ni rafiki wa nani, maana ukiuliza fulani yuko wapi atakujibu mtu mmoja tu kati ya watu hamsini na huyo mmoja ndo anajua habari zake zote. Mimi mwaka wa pili nilipewa hilo daftari, ikafika saa 3 kasoro mkurugenzi hajatokea, nikasukumiwa nimpigie mimi. "Shikamoo mkuu, basi zima limebaki linakusubiri wewe tu." Basi kimya kabisa wananisikiliza. Mpaka leo kuna wakubwa pale ofisini wananiita Konda, na ukishakuwa na jina la utani ofisini umeshakuwa mtu.

Cha pili ni hao watu mnaowaona wamesimama pembeni. Ofisi nyingi siku hizi walinzi na watu wa usafi ni wa kampuni za nje, kwa hiyo kwenye bajeti ya bonanza hawamo, hawana tisheti, na wakati mwingine wanachukuliwa tu ili walinde mizigo wakati wenzao wanacheza. Sisi kuna mwaka tulienda Bagamoyo, kwetu hapo ni kama kilomita 70 tu basi wengi wakasema karibu bora twende, tukafika tukapanga kuvuta kamba. Vijana wa bandarini upande huu, wamejazia vifua, wanakimbizana na makontena kila siku. Upande wa pili nyaraka, uhasibu na mapokezi, yani watu wa viti. Mvuto wa kwanza ulikuwa aibu, sekunde kama kumi watu wa viti wakawa wamelala kifudifudi kwenye mchanga. Mlinzi wetu, mzee mmoja mpole aliyeletwa aangalie mabegi, akasogea akasema taratibu, "Wanangu, mnavuta na mikono. Kamba haivutwi na mikono."

Kumbe mzee kastaafu utarishi wizarani, na miaka hiyo alikuwa anavuta kamba kwenye SHIMIWI, yale mashindano ya wizara na idara za serikali, ambako kuvuta kamba sio mchezo wa kuchekesha hata kidogo, watu wanafanya mazoezi wiki kadhaa. Akaanza kutupanga. Mzito nyuma kabisa. Waliobaki mmoja kulia kwa kamba mmoja kushoto. Kamba ipite chini ya kwapa, mikono inyooke, visigino vizame mchangani, mgongo urudi nyuma mpaka uone mawingu, na hapo usivute, kaa tu na uzito wako, subiri. Wale wakichoka kidogo utasikia kamba imelegea, ndo mnapiga hatua moja nyuma wote kwa pamoja, sauti ya mzee ikisema hep, moja tu, mnakaa tena. Ile kamba ilikuwa ya katani na katani haina huruma na kiganja, dada wa mapokezi aliungua mikono ila hakuachia. Vijana wa bandarini walivuta kila mtu kwa wakati wake, wanapiga kelele, wanatuvuta nusu mita, wanapumzika, hep, tunairudisha. Tulishinda mivuto miwili iliyofuata. Baadae nikaenda kusoma nikakuta huu mchezo ulikuwa wa Olimpiki kabisa kuanzia 1900 mpaka 1920, na kwenye mashindano rasmi wanavuta nane kwa nane, sisi siku ile tulikuwa kama kumi na tano kila upande na mmoja ameshika soda.

Mzee yule tangu hapo getini anasalimiwa kwa jina. Na kamati tukagombana na uongozi mwaka uliofuata mpaka walinzi na watu wa usafi wakaingizwa kwenye hesabu ya chakula na tisheti, hela yenyewe wala haikuwa kubwa. Wewe mgeni bajeti huiwezi, ila unaweza kusogea pale mizigo ilipo ukasema shikamoo mzee, kaa ule, mimi naangalia hapa nusu saa.

Mshauri wa kukodiwa. Atakuja, ana spika na filimbi, atawaambia mjiangushe kinyumenyume mwenzako akudake ili mjenge uaminifu. Mimi hilo zoezi silipendi na nimelifuta kwenye ratiba zetu, mtu ukimdaka kumbe mgongo unamsumbua utajenga uaminifu gani, na kuna wadada hawataki kudakwa na mtu wasiemzoea na wako sahihi. Ukiambiwa ufanye kitu ambacho mwili au dini yako haikuruhusu, sema "hapana, nitashika saa" au "nitahesabu alama", bila maelezo marefu.

Ila sio yote ya kwao mabaya. Kuna lile la mnara wa tambi, lilibuniwa na Mmarekani anaitwa Peter Skillman: kikundi cha watu wanne mnapewa tambi kavu 20, utepe wa gundi, uzi, na kile kipipi laini cheupe, marshimelo, kikae juu kabisa ya mnara, dakika 18. Watoto wa chekechea huwa wanawapita wanafunzi wa vyuo vya biashara, kwa sababu watoto wanaweka kipipi juu tangu mwanzo wanaona mnara unaanguka wanajenga tena, wakati wasomi wanabishana nani aongoze mpaka dakika ya mwisho. Sisi marshimelo hazikupatikana tukaweka kitumbua. Kitumbua kina mafuta na kizito. Minara yote sita ilianguka, mkuu wa kitengo akaanza kulaumu kitumbua, na fundi wa kompyuta ambaye huwa hasemi kitu akasema "bosi, kitumbua tulikiona tangu mwanzo." Watu walicheka ila nadhani mkuu alielewa, maana kazini kwetu ndo hivyohivyo, kontena limeshafika bandarini, siku za bure zinaisha, storeji, yani tozo ya kontena kukaa bandarini, inaanza kuhesabu, ndo mtu anauliza kwani nyaraka ziko wapi.

Huyohuyo mshauri aliandika ubaoni zile hatua za Bruce Tuckman wa mwaka 1965, kwamba kikundi kinaundwa, kinagombana, kinazoeana, ndo kinafanya kazi. Wengi walisinzia, mimi hapo kwenye kugombana ndo niliamka. Nyie wageni mkikuta watu wanarushiana maneno wiki ya kwanza mnaogopa mnaandika barua za kuomba kazi kwingine. Tulieni kwanza, angalieni wanagombania nini.

Kwetu ugomvi mkubwa ulikuwa dada wa uhasibu na mzee mmoja dereva, kisa risiti za mafuta. Dereva anapewa masurufu, anasafiri, akirudi kurejesha hesabu analeta vikaratasi vya kuandikwa kwa mkono, uhasibu wanataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kila mwezi. "Mzee wangu hii siwezi kuipokea." "Mwanangu mashine ilikuwa haina mtandao, ningefanyaje, nilale pale?" Dada anaamini anaibiwa, mzee anaamini anaitwa mwizi. Tukawaweka kikundi kimoja cha kupika pilau kwenye bonanza, sisi kamati tukijiona tuna akili. Wakapika pilau la Mungu mwenyewe, wakacheka, wakapiga picha wameshika mwiko pamoja, na Jumanne yake wakagombana tena risiti ileile.

Kilichosaidia hakikuwa bonanza wala nini. Kamati tuliomba kila mtu siku moja akakae na mtu wa kitengo kingine, aangalie tu kazi inavyoenda. Dada akapanda pikapu na mzee kwenda Morogoro kupeleka vipuri. Njiani wakaweka mafuta, mashine ya EFD imezima, kijana wa sheli anachana karatasi anaandika kwa kalamu, nyuma kuna lori linapiga honi, jua la saa 8 mchana. Dada mwenyewe ndo alikuwa anabishana na yule kijana, mzee amekaa kwenye usukani anatafuna karanga. Wakaenda sheli ya mbele. Sasa hivi bado wanagombana, msidhani wameokoka, lakini mzee akifika sheli anampigia kwanza, "mwanangu, hapa mashine hamna, nipite?" anamjibu pita au anamjibu weka ya elfu ishirini tu ufike. Kwa hiyo ofisi yenu ikiwa na nafasi ya namna hiyo, wewe mgeni nyoosha mkono wa kwanza, una kisingizio kizuri, bado unajifunza. Mwaka ujao ukiomba wataona unafanya uchunguzi.

Mengine harakaharaka. Mchango ukipangwa na wewe huna, wa fildi hasa maana wengi hamlipwi, mfuate mweka hazina mapema peke yake umwambie, nawahakikishia kila mwaka kuna majina tunayaruka kimyakimya, kibaya ni kunyamaza afu usitokee, chakula chako kimeshalipiwa. Bia za ofisi ni za bure ila zinahesabiwa, sio na kamati, na macho. Kama bonanza limeangukia Ramadhani mwambieni mtu wa kamati tu, huwa tunasahau kweli sio makusudi, sisi mara moja tulipanga mchana ikabidi tugeuze iwe futari, na ile futari mpaka leo watu wanaisema kuliko bonanza lolote. Mkienda kisiwa cha Mbudya mnapandia boti Kunduchi, vaa jaketi la kuokolea hata kama wenzako wanakucheka kwamba ni karibu. Na picha za bosi amelala kwenye mkeka mdomo wazi usitume kwenye grupu, mtumie yeye mwenyewe kwanza, akiicheka atairusha yeye.

Alafu misiba. Sijui kama wenzangu wataiita tim bildingi, ila mimi nikipewa kuchagua kati ya kwenda Mikumi na wenzangu kuangalia tembo na kwenda kukaa kwenye turubai Mbagala kwa mwenzetu aliyefiwa na mama yake, najua wapi nitatoka nimewajua watu. Ukisikia ofisi inaenda msibani na wewe una wiki mbili tu, nenda, hata kama hujawahi kuongea na huyo mfiwa. Sio lazima useme kitu. Utakuta akina mama wanamenya vitunguu, wanaume wanapanga viti, ingia.

Na Jumatatu baada ya bonanza fika mapema. Kutakuwa na masufuria mawili makubwa tuliyoazima kwa mama ntilie wa nyuma ya ofisi, hayajaoshwa vizuri, na watu wote wanayakwepa wanajifanya wana simu. Mpelekee. Mfuniko mmoja huwa haupo, atakuuliza, na usimdanganye, mwambie unautafuta, maana ndo huyohuyo atakayekukopesha chapati na chai mshahara ukichelewa.