Mpwa wako anapenda kompyuta? Muulize kwanza anapenda nini kingine

Mkuu, umeuliza uanzie wapi na mpwa wako wa miaka 15 anayeshinda kwenye kompyuta, maana dada yako kakukabidhi kwa kuwa wewe ndiye mtu wa programu kwenye ukoo. Nimekuwa nikikaa na vijana wa umri huo wikiendi kwa miaka kadhaa sasa, na kwangu swali la lugha ipi ya programu ndilo linalokuja mwisho kabisa. Scratch, Python, JavaScript, yoyote itamfaa. Muulize anapenda nini akiwa hayupo mbele ya skrini.

Kuna binti mmoja alikuwa anafuma krosheti. Michoro yake imejaa maelekezo ya "rudia hatua hizi mara nne, geuza, anza mstari mpya". Wenzake walipokuwa wanahangaika na marudio yaliyo ndani ya marudio mengine, yeye alishangaa wanachohangaikia, maana ndicho anachokifanya kila jioni na uzi wake. Nikamsimulia habari za Jacquard, yule Mfaransa ambaye mwaka 1804 alitumia kadi zenye matundu kuongoza mtambo wa kufumia nguo, na jinsi Charles Babbage alivyolichukua wazo hilohilo la kadi kwa mashine yake ya kukokotoa. Basi, ikawa kama nimemtajia babu yake. Programu yake ya kwanza ya maana ilikuwa ya kuchora mitindo ya vitambaa, na mimi sikuwa na cha kuchangia kwa sababu krosheti siijui.

Mwingine alikuwa mtu wa gitaa. Tulimpa micro:bit, kibodi kidogo cha kielektroniki cha kujifunzia programu, na spika ndogo, akagundua mwenyewe kwamba sauti ya hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde) ukiipandisha hadi 880 unapata noti ileile, oktava moja juu. Hapo hesabu ya uwiano ilishaingia, na hakuna aliyeitamka.

Sasa lile gumu: kibodi ni yake. Utaona mabano yamesahaulika kabla yeye hajaona, na mkono utakuwasha. Kaa nao. Ukimrekebishia, atakachojifunza ni kukuita wewe. Badala yake mfundishe kusoma ujumbe wa kosa, kwa sauti, neno kwa neno. Vijana wengi wakiona maandishi mekundu wanafunga dirisha papo hapo kana kwamba wametukanwa. Kwenye Python aanzie chini: mstari wa mwisho unataja aina ya kosa, na juu yake kidogo kuna namba ya mstari lilikotokea. Maswali mengi huishia hapo hata kabla hajakugeukia.

Msimbo aliopewa na akili mnemba simkatazi mtu. Ila kila mstari anieleze unafanya nini, na asioweza kuueleza aufute.

Kukaa kimya kuna mipaka lakini. Taa ya LED ikiungua kwa sababu kasahau rezista, kile kifaa cha kupunguza mkondo wa umeme, hiyo ni hasara ndogo na hatasahau tena. Betri ya lithiamu iliyovimba au umeme wa ukutani, hapo unasema mara moja na unasema kwa ukali. Vilevile akianza kuchokonoa mtandao au akaunti ya mtu mwingine bila ruhusa, hata kama ni ya rafiki na "ni utani tu". Na nyie wawili fanyieni kazi sebuleni, mama yake akipita awaone, na ujumbe mnaoandikiana awe anaweza kuusoma. Inakulinda wewe pia.

Dada yako atauliza kama hii italeta ajira. Wote wanauliza. Mwambie aache iwe hobi kwa muda. Linus Torvalds alipoitangaza kazi yake ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, mwaka 1991, alisema ni hobi tu, haitakuwa kitu kikubwa. Guido van Rossum naye aliianza Python wakati wa likizo ya Krismasi 1989, akitafuta cha kujishughulisha nacho. Simaanishi mpwa wako atakuwa mmoja wao. Inawezekana miezi sita ijayo akahamia kwenye baiskeli au upigaji picha, na hapo usimsimange.

Jambo moja kwako mwenyewe: tafuta kitu usichokiweza kabisa ukianze sasa. Mimi yule kijana wa gitaa ndiye ananifundisha, na vidole vyangu havisikii. Ananiambia "mjomba, polepole, rudia", kwa sauti ileile niliyomwambia mimi. Tangu nianze, nimekuwa na subira zaidi na mtu anayeuliza swali lilelile kwa mara ya tatu.

Ukimaliza kumuuliza, rudi hapa utuambie anapenda nini. Kama ni mpira, ndege, kupika, chochote, tutakutafutia mradi wa kuanzia. Na kama atajibu "michezo ya kompyuta tu", muulize ni upi, na ni kitu gani ndani yake kinamuudhi. Hicho ndicho cha kuanza kukitengeneza.