Ndago shambani: usikimbilie jembe wakati wa mvua

Mwaka wangu wa kwanza wa zabibu huku Mpunguzi, Dodoma, niliona majani ya kijani yanayong'aa kando ya mipira ya kumwagilia kwa matone, nikadhani ni nyasi tu. Nikapiga jembe. Wiki haikupita, yakarudi mengi kuliko mwanzo.

Mzee jirani alipopita nikamwamkia, akainama, akachuma shina moja na kunipa nilizungushe vidoleni. Lilikuwa na pembe tatu. "Mjukuu wangu, hii siyo nyasi, ni ndago." Akaniambia nichimbe pole pole, nisivute. Chini nikakuta uzi mwembamba mweusi umeunganisha viazi vidogo kama punje za karanga, vimefuatana kama shanga. Ukivuta, uzi unakatika na kila kiazi kinabaki kuchipua chenyewe. Kumbe kwa jembe langu nilikuwa napanda! Trekta ndiyo balaa zaidi, maana sahani zake hukata na kusambaza hadi mwisho wa shamba.

Dodoma mvua haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, lakini hilo lisikutulize. Kiangazi majani hukauka, viazi hubaki ardhini vikisubiri Desemba, na popote unapomwagilia ndago haisubiri hata hiyo Desemba.

Kwa hiyo ndugu mkulima, piga ndago kiangazi. Baada ya mavuno ya Agosti na Septemba, chimba katikati ya mistari, pale maji ya matone yasipofika, kina cha sentimita 20 hivi au zaidi kidogo, upindue udongo na kuacha viazi juani. Jua la Oktoba huku kwetu halina huruma: vyangu vilisinyaa vikawa vinavunjika kwa kucha. Karibu na shina la mzabibu tumia uma na mkono, na urudie kila wiki mbili kabla majani hayajalisha viazi vipya. Ndago haipendi kivuli, kwa hiyo mvua zikianza panda kunde katikati. Nailoni nyeusi ya kufunika udongo isikudanganye, ncha ya ndago huitoboa.

Na samadi au udongo wa bondeni, pekua kwanza kabla ya kushusha. Wangu ulikuja na viazi vyake.

Huu ni mwaka wa tatu. Bado natoa ndago, ila sasa ni kiganja kimoja, siyo ndoo.