Mtoto wa mbwa analia usiku kucha kizimbani: nimwache azoee?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Raskazone, Tanga. Nimepata mtoto wa mbwa wa wiki 8, dume, chotara. Fundi wa kuchomelea amenitengenezea kizimba cha nondo na wavu, urefu sentimita 120, upana 80, sakafu ya mbao. Nimekiweka uani chini ya bati, maana ndani tunaswali na mama hataki mbwa apite sebuleni. Usiku wa kwanza nilimfungia saa 3, akalia mpaka adhana ya alfajiri. Usiku wa pili akalia tena, akajisaidia humohumo, asubuhi nikamkuta amejipaka mwili mzima. Jirani keshakuja kugonga. Mjomba anasema nimwache tu, wiki haiishi atakuwa amenyamaza. Ni kweli? Na mchana niko kazini saa 2 asubuhi mpaka saa 10 jioni, naweza kumwacha humo?

JIBU: Marahaba. Mjomba hajakosea kwamba atanyamaza. Mtoto wa mbwa akilia saa nyingi bila kuitikiwa hunyamaza kwa kuchoka, lakini kesho yake ukimwelekeza kizimbani anakaza miguu na kurudi nyuma. Tatizo lako ni mlango: umeufunga kabla mtoto hajapata sababu hata moja ya kupenda kukaa ndani. Wiki iliyopita alikuwa analala kwenye rundo la nduguze, joto la mama ubavuni. Ghafla yuko peke yake gizani, juu ya mbao, na komeo la chuma limelia "kwaa!" nyuma yake.

Tuanze na usiku wa leo, maana jirani hatasubiri mafunzo.

Usimlaze mbali na watu. Mbwa si lazima aingie sebuleni. Sogeza kizimba kiwe chini kabisa ya dirisha la chumba unacholala, asikie pumzi na sauti yako. Ikiwezekana, usiku 3 au 4 za mwanzo mtu alale hapohapo uani ndani ya chandarua, kitanda kikigusana na kizimba. Baada ya hapo kisogezwe kidogokidogo, nusu mita kila usiku, mpaka kifike unapotaka kikae. Tenga kanga moja kuukuu na jozi moja ya ndara za kumhudumia uani tu. Mambo ya swala yatakuwa rahisi zaidi na mama hatakuwa na la kusema.

Chakula cha mwisho kiwe saa 12 jioni. Saa 4 usiku mpeleke akojoe, mcheze dakika chache achoke, ndipo umlaze. Kisha tega saa ya simu: saa 7 usiku na saa 10 alfajiri. Uamke wewe kabla hajalia, ndiyo siri yenyewe. Mbebe, usimwache atembee, maana atakojoa njiani. Mweke mahali palepale pa kila siku, kaa kimya, mpe dakika 5, mrudishe. Hakuna mchezo, hakuna maongezi, hakuna taa kubwa. Akipitisha usiku 3 bila ajali, sogeza kengele mbele kwa nusu saa.

Na akilia kabla ya kengele? Sikiliza ni kilio gani. Kunung'unika kwa vipande, analia, ananyamaza, anasikiliza kama kuna anayekuja: huyo mpe dakika chache, gusa wavu kwa vidole ajue upo, mara nyingi analala. Aliyekuwa kimya akaamka ghafla, anazunguka, ananusa na kukwaruza sakafu: huyo amebanwa, mtoe mara moja. Anayepiga ukelele mfululizo, udenda unachuruzika, anauma wavu mpaka ufizi unatoka damu: hiyo ni hofu kubwa. Fungua, mtulize, na ujue umekwenda mbio kuliko anavyoweza. Mbwa wa namna hii akiachwa "azoee" ndiye anayevunja meno akiwa mkubwa.

Sasa kizimba chenyewe. Sentimita 120 kwa 80 ni cha mbwa mzima mkubwa. Mtoto wa mbwa kwa kawaida hapendi kuchafua anapolala, lakini chumba kikiwa kikubwa kiasi hicho anafanya kona moja choo na nyingine kitanda, halafu usiku anakanyaga. Weka kizuizi cha plaiwudi ndani, umbakishie kama sentimita 60 kwa 45: aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kulala amenyoosha miguu. Kizuizi unakisogeza jinsi anavyokua.

Angalia matundu ya wavu. Yasizidi sentimita 2.5, ama sivyo taya au mguu unapita na kunasa. Wavu mwembamba wa kufugia kuku haufai. Anaukata kwa meno na ncha zinamchoma. Muulize fundi mbao zimepakwa nini. Watu wengi hupaka oili chafu kuzuia mchwa, na mtoto wa mbwa anatafuna kila kitu. Kama imepakwa, badilisha sakafu. Ikiwa kizimba umekinunua kilichotumika, kisugue kwa sabuni kwanza, kisha jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 20, kiloweke dakika 10, suuza, anika juani. Virusi vya parvo, ugonjwa hatari wa kutapika na kuharisha damu kwa watoto wa mbwa, hukaa kwenye vifaa na ardhi miezi mingi, na mtoto ambaye hajamaliza chanjo hana kinga ya kutosha.

Komeo livishe kipande cha tyubu ya baiskeli lisipige kelele. Ni jambo dogo, lakini watoto wengi wa mbwa hawaogopi kizimba hata kidogo. Wanaogopa mlio ule.

Cha kulalia: kanga kuukuu iliyokunjwa inatosha. Ukiweza, chukua kipande cha nguo alichokuwa akilalia na mama yake, usikifue. Tanga gunia la katani ndilo la karibu, na ndilo nisilolishauri. Anachomoa nyuzi anazimeza, uzi wa katani haumeng'enyeki, unaweza kukunja utumbo, na hapo ni upasuaji. Kumbi la nazi ni hivyohivyo, halifai kuwa kichezeo.

Joto ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kilio. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na hewa ikiwa imejaa unyevu, kama ilivyo kwetu kipindi cha kaskazi, kuhema hakumsaidii sana. Uani chini ya bati, saa 8 mchana, weka kiganja juu ya wavu. Ukishindwa kukishikilia mpaka uhesabu 5, mbwa hawezi kukaa hapo. Kinyanyue kwa matofali hewa ipite chini, kielekee upepo wa bahari, na ukitaka kumtilia giza usiku funika pande 3 kwa kanga nyepesi, si turubai la plastiki. Bakuli la maji lifungwe kwenye wavu asilimwage. Mchana maji yasikosekane. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2, likifika 41 ni hatari ya kufa. Anayehema kwa nguvu, ufizi mwekundu, udenda mzito, anayumba: mtie kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, huku unamkimbiza kwa daktari.

Mafunzo ya mlango yafanye mchana, dakika 5 tu kila mara, mara 4 au 5 kwa siku, akiwa ameshakojoa na kucheza. Siku 2 za kwanza mlango ufunge kwa kamba uwe wazi kabisa. Tupa ndani kipande cha ini la kuku lililochemshwa, ukubwa wa harage, aingie akichukue na atoke akitaka. Usimsukume. Milo yake yote, 4 kwa siku kwa umri huu, aipate humo: kwanza bakuli mlangoni, kisha katikati, kisha mwisho kabisa. Dagaa wakavu pia hufaa, ila wasiwe wa chumvi.

Akishaingia mwenyewe bila kusita, rudisha mlango wakati anakula, ufungue kabla hajamaliza. Halafu sekunde 10 baada ya kula, 30, dakika 1, 3, 5, wewe umekaa kando kwenye mkeka. Ukianza kuondoka, muda unaurudisha mpaka sekunde 10. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanaongeza muda na umbali kwa pamoja. Ongeza kimoja. Akilia, jibu si kumkaripia. Ni kwamba hatua ilikuwa ndefu, rudi nyuma moja. Kizimba kisitumike kamwe kama adhabu, na watoto wa nyumbani wasiingize mikono akiwa amelala.

Kuhusu kazini: hapana, saa 8 hawezi. Kipimo cha juu ni umri kwa miezi ukiongeza 1, yaani wako ni saa 3, na mchana ni afadhali 2. Zungushia kizimba uzio wa wavu wa mita 2 kwa 2 kivulini, mlango wa kizimba uwe wazi, upande wa mbali weka beseni la mchanga la kujisaidia. Mtu apite saa 6 mchana ampe chakula na maji. Kwa mpango huo usiku anajifunza kubana, mchana halazimiki.

Kabla ya yote, akague daktari wa mifugo. Mtoto mwenye minyoo anaharisha, na anayeharisha hawezi kubana hata ukimfundisha mwaka. Dawa ya minyoo kila mwezi mpaka afike miezi 6, chanjo za awali hurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka wiki ya 16, na ya kichaa akifika miezi 3. Akitapika au kuharisha damu, acha mafunzo, mpeleke siku hiyohiyo.

Na kola mvue kila anapoingia kizimbani. Ikinasa kwenye wavu usiku, hana namna ya kujinasua.