Barua kwa mwanangu anayetakiwa kuwa mhazini

Tandika, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mkamwana wangu na kwa mjukuu. Mimi sijambo, goti tu ndilo linalonisumbua mvua ikinyesha, na dawa nanywa.

Jumapili uliponipigia kutoka Dodoma uliniambia kwamba kikundi chenu cha kufa na kuzikana kinataka uwe mhazini, ukaniuliza kama ukubali. Kisha ukanyamaza kidogo, ukauliza jingine: "Mama, siku ya mahafali yangu ya darasa la saba ulikuwa wapi hasa?" Nikakwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika, baba. Nilitaka nikae chini na kalamu, kwa sababu maswali yako yote mawili yana jibu moja.

Unajua nilikosoma: Kurasini, chuo ambacho siku hizi kinaitwa Taasisi ya Uhasibu, na sisi tulikiita DSA. Mitihani ya mwisho ya NBAA, Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, niliifanya mwaka 1993 nikiwa na mimba yako. Kazi ya kwanza niliipata kwenye shirika la umma, dawati la masurufu. Mtumishi anapewa fedha ya safari, akirudi anarejesha kwa stakabadhi, asiporejesha anakatwa kwenye mshahara. Niliwaona watu waaminifu kabisa wakikatwa kwa sababu ya karatasi moja iliyopotea njiani, na roho iliniuma, lakini sikuwa na namna ya kuwatetea. Kwenye vitabu, mwaminifu asiye na stakabadhi na mwizi wanafanana. Ubinafsishaji ulipokuja tukapunguzwa, nikawa nafunga hesabu za wenye maduka Kariakoo. Hayo unayajua, ulikuwa ukinisaidia kupanga risiti sakafuni, mwezi kwa mwezi.

Usichokijua ni jinsi nilivyoingia kwenye hesabu za akina mama wa mtaani. Walikuwa wanacheza upatu, na kijumbe wao akahama usiku na zamu za watu sita. Wakaja watatu barazani kwetu. Mmoja akafungua pindo la khanga, akaniwekea mkononi noti zilizolowa jasho, akasema, "Mama, unawahesabia matajiri wa Kariakoo, tuhesabie na sisi." Nilishindwa kukataa, na sikutaka kukataa. Tukaanzisha kikundi cha watu 30: hisa, mikopo, na mfuko wa msiba. Posho hapakuwa nayo. Baba'ko alikubali kwa sharti kwamba iwe Jumamosi asubuhi tu, na asubuhi hizo ndizo zilizokula Jumamosi zako.

Sasa mwaka 2006. Bila shaka unaukumbuka mgao wa umeme wa mwaka ule, mlivyokuwa mnasoma kwa chemli. Jumamosi moja, wiki moja kabla ya mahafali yako, tulihesabu fedha za sandukuni zikapungua 27,000 kuliko zilizoandikwa kwenye daftari. Sanduku lilikuwa na kufuli moja, likikaa nyumbani kwa mama mmoja muuza vitumbua, na ufunguo alikuwa nao yeye huyo huyo. Hakuna aliyesema neno "mwizi" kikaoni. Lilisemwa bombani, likasemwa gengeni, na kufika Jumanne watu walikuwa hawanunui vitumbua vyake. Jumatano nilipita pale alfajiri nikakuta jiko halijawashwa. Alikuwa amekaa kibarazani na beseni la mchele uliolowekwa, haukusagwa, umeanza kuchachuka.

Ijumaa usiku, mmelala, nikaanza upya. Kuna jambo wanatufundisha mapema sana katika kazi hii: ukiwa na tofauti, igawanye kwa tisa. Ikigawanyika bila kubaki kitu, tafuta tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. 27 kwa 9 ni 3, kwa hiyo nikatafuta tarakimu mbili zinazopishana kwa tatu. Nikaziona kwenye marejesho ya mkopo. Daftari lilisema 63,000. Nakala ya kaboni kwenye kitabu cha stakabadhi ilisema 36,000. Zote mbili ulikuwa mwandiko wangu. Fedha haikupotea hata senti moja, kwa sababu ile 27,000 haikuwahi kuingia sandukuni. Niliizua mimi kwa kalamu.

Mwanangu, nilikaa mbele ya chemli ile mpaka utambi ukaanza kutoa moshi. Nilikuwa mhasibu mwenye cheti cha Bodi ukutani, na mwanamke ambaye hakumaliza hata shule ya msingi alikuwa ameacha kukaanga vitumbua kwa ajili ya kosa langu. Tena lile la kufuli moja na ufunguo mmoja lilikuwa kosa langu pia. Ofisini nisingekubali hata siku moja mtu mmoja atunze fedha na ufunguo wake, ila kwa akina mama wale niliona yatosha.

Kikao kilikuwa saa tatu asubuhi, mahafali yako saa nne. Ningeweza kungoja Jumamosi ya pili. Ningeweza kumtuma mwenyekiti. Niliona wiki moja zaidi ya kuitwa mwizi ni ndefu mno, na kosa lililotoka mkononi mwangu lilipaswa kutoka mdomoni mwangu, mbele ya watu wale wale. Alfajiri nilikwenda kwanza kwake nikamweleza. Hakunijibu, aliingia ndani kuvaa, tukaongozana mpaka kikaoni.

Nilidhani nusu saa ingetosha. Haikutosha. Nilipomaliza kusema, akina mama wakataka daftari lote lisomwe tangu ukurasa wa kwanza, kila mmoja na kitabu chake mkononi, na walikuwa na haki. Tukatoka saa nane. Nikapanda daladala, nikafika shuleni nikakuta wanabeba viti. Baba'ko alikuwa ameshaondoka na wewe. Nyumbani ukaniuliza, nikasema, "Kikao kilichelewa." Miaka yote hii umebaki na maneno hayo mawili, kama kwamba kilichelewa chenyewe.

Kumsafisha yule mama ningerudia hata leo, siku hiyo hiyo. Kukuficha wewe sikupaswa. Ulikuwa na miaka 13, ungeelewa. Niliona aibu kwa mwanangu kuliko kwa wanawake 29, na kwa hilo nakuomba radhi.

Baba'ko alipofariki mwaka 2014, kuna mama alikaa jikoni siku zote tatu za matanga, ukaniuliza ni ndugu yetu wa wapi. Ndiye huyo. Na turubai, viti, masufuria, hata gari la kwenda makaburini, vyote vilitoka kwenye mfuko ule. Sikuuza kitu cha nyumbani.

Kwa hiyo kubali uhazini, ila usiubebe kama nilivyoubeba mimi. Anayeandika asishike fedha. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na mtunza sanduku asiwe na ufunguo hata mmoja. Sisi tulifanya hivyo Jumamosi iliyofuata. Michango ya simu isikae kwenye laini yako hata kwa usiku mmoja, maana siku ukiugua au simu ikiibiwa utaeleza nini? Kikundi kisajiliwe, na kama mnaweka akiba na kukopeshana, sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inataka hivyo. Salio lisomwe kwa sauti kila kikao, hata watu wakikwambia wanakuamini. Na kabla hujawajibu wenzako, kaa na mkeo. Siku za mtoto ziandikeni kwanza, ndipo mpange vikao.

Daftari la mwaka ule bado ninalo. Kesho mdogo wako atalipeleka stendi ya Mbezi, utalikuta kwenye mfuko mmoja na korosho. Ufungue ukurasa wenye wino mwekundu. Utaona 63,000 imepigwa mstari mmoja, juu yake 36,000, saini yangu na tarehe, kama tulivyofundishwa, kosa lisomeke. Pembeni kuna maneno madogo ya penseli niliyojiandikia usiku ule: mahafali, saa nne, usichelewe.

Mama yako