Ukitaka kuijua miungu ya Wagiriki, anzia madhabahuni

Anayeanza kujifunza dini ya Wagiriki wa kale kwa kawaida hupewa orodha: Zeus wa radi, Poseidon wa bahari, Ares wa vita, Aphrodite wa mapenzi, kisha nasaba inayoonyesha nani alimzaa nani. Katika kusoma habari hizi pamoja na wanafunzi wa sekondari nimeona orodha hiyo ikikaririwa upesi na kusahauliwa upesi zaidi, kwa kuwa haielezi Wagiriki wenyewe walifanya nini mbele ya miungu yao. Ushauri wangu ni kuanza na ibada, hadithi zifuate.

Madhabahu ilikaa nje, mara nyingi mbele ya hekalu, na sanamu ndiyo iliyokaa ndani. Mnyama alichinjwa, mifupa ya mapaja ikafungwa kwa mafuta na kuchomwa ili moshi umfikie mungu, na nyama ikaliwa na waliohudhuria. Mshairi Hesiod asimulia jinsi Prometheus, mjanja wa hadithi za miungu, alivyomlaghai Zeus kwa mifupa iliyofichwa chini ya mafuta yaliyonona. Asiyejua mgao huo wa nyama hukiona kisa hicho kuwa mzaha mtupu.

Baada ya hapo zifuate lakabu, yaani majina ya sifa yaliyoongezwa kwenye jina la mungu, na hapa ningemwomba msomaji asiwe na haraka. Zeus Xenios alilinda wageni, Zeus Herkeios alilinda ua wa nyumba, Zeus Ktesios alilinda akiba ya ghalani, na Zeus Meilichios alichongwa mara nyingine kwa umbo la nyoka mkubwa, jambo ambalo aliyefundishwa radi peke yake hawezi kulitarajia. Mjini Athens, watalii huelekeza kamera zao kwenye hekalu la Parthenon, lililojengwa kati ya 447 na 432 KK na kuwekwa sanamu ya Athena ya dhahabu na pembe za ndovu, kazi ya Pheidias. Hata hivyo, vazi lililofumwa kwa ajili ya sikukuu ya Panathenaia lilipelekwa kwa Athena Polias, mlinzi wa mji, ambaye sanamu yake ilikuwa ya kale zaidi na ya mti wa mzeituni. Artemis naye, huko Brauron, karibu na Athens, alihudumiwa na wasichana wadogo waliosemwa kuwa “wanacheza dubu” kabla ya kufikia umri wa kuolewa. Huwezi kuipata habari hiyo katika maneno “mungu wa uwindaji”.

Wasomaji wetu wengi wanayo tayari kurasa za kuanzia, ingawa ni nadra kuzisoma kwa nia hii. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 14, watu wa Listra wanamwita Barnaba Zeu (ndiye Zeus) na Paulo Herme, mjumbe wa miungu, kwa sababu Paulo ndiye msemaji, na kuhani wa Zeu, ambaye hekalu lake liko mbele ya mji, analeta ng'ombe na mashada ya maua. Sura ya 19 inawaonyesha mafundi wa fedha wa Efeso wakihofia biashara yao ya vihekalu vya Artemi. Hapo pana kuhani, mnyama, hekalu na soko, yote mahali pamoja.

Ukishayashika hayo, hadithi zinazopingana hazitakusumbua. Kwa mshairi Homer, Aphrodite ni binti wa Zeus na Dione. Kwa Hesiod, alizaliwa katika povu la bahari. Wagiriki hawakuwa na kitabu kitakatifu kimoja cha kuamua, na mwabudu aliweza kumtolea sadaka bila kuchagua upande. Hata orodha ya miungu kumi na wawili wa Olympus haikuwa moja: mahali pengine Hestia yumo, mahali pengine Dionysus. Kwa hiyo katika daftari lako andika kwanza mahali, lakabu, sadaka na waliohudumu, kisha uache nafasi pana kwa wazazi wa mungu huyo, maana huenda wakawa zaidi ya wawili.