Maswali ya Wasomaji: Kupanda Kilimanjaro kwa Ajili ya Mchango, Simu Ikiwa Mkononi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyakazi wa ofisi moja jijini Dar es Salaam na ninapenda sana mitandao ya kijamii. Siku haipiti bila kuingia Instagram, TikTok na makundi yetu ya WhatsApp, na marafiki wengi nilio nao leo nimewapata huko. Mimi na wenzangu kazini tumepanga kupanda Mlima Kilimanjaro mwezi Septemba ili kuchangisha fedha za kumalizia bweni la wasichana katika shule moja ya sekondari wilayani kwetu, ambako wanafunzi hutembea mwendo mrefu asubuhi na jioni. Mama yangu hakufurahi. Anasema sadaka ya kweli ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui kilichotolewa na wa kulia, na kwamba fedha za kupandia mlima zingetosha kununua mabati. Je, ni kosa kuifurahia safari hii na kuionyesha mitandaoni? Na mchango tuuendesheje ili watu wasituone wababaishaji?
Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Dada yetu, mama amekukumbusha fundisho zito, ambalo Waislamu na Wakristo wanalo sawia, na halifai kupuuzwa. Hata hivyo fundisho hilo linamhusu mtu anayetoa mali yake mwenyewe. Wewe unakwenda kuomba mali za watu wengine kwa niaba ya wasichana ambao huenda hawatawajua kamwe waliowachangia, na kazi ya namna hiyo haifanywi kwa siri, kwa kuwa fedha za umma zinahitaji mashahidi. Kwa hiyo kile utakachotoa mfukoni mwako kifiche upendavyo, lakini kile ulichopokea kwa watu kitangaze hadi shilingi ya mwisho. Ukimweleza mama hivyo, naamini mtaelewana.

Kuhusu mabati, hoja yake ina nguvu, na inapaswa kujibiwa kwa vitendo. Kupanda Kilimanjaro kuna gharama kubwa: kuna ada za hifadhi zinazohesabiwa kwa siku, malipo ya kampuni ya utalii, ya waongozaji, wapishi na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, kuna chakula, na kuna mavazi ya baridi ambayo mkazi wa Dar es Salaam hana. Ikiwa gharama hizo zitachotwa katika mchango, basi mama yuko sahihi kabisa na ningekushauri mbaki nyumbani mkanunue mabati. Kila mpandaji ajilipie safari yake yote, na jambo hili lisemwe waziwazi katika tangazo lenu la kwanza, kabla ya mtu yeyote kuuliza. Mchangiaji akijua kwamba elfu kumi yake inakwenda kwenye bweni na wala hailipii hema lako, atatoa kwa moyo mweupe, na hatakereka akikuona unatabasamu mlimani.

Njia hii imewahi kuleta matunda. Tangu mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita, kwa kushirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania, umekuwa ukiandaa upandaji wa Kilimanjaro unaochangia mapambano dhidi ya Virusi vya UKIMWI. Machi 2009 watu tisa mashuhuri kutoka Uingereza, akiwemo mwanamuziki Gary Barlow, walipanda mlima huo kwa ajili ya shirika la Comic Relief, na zikapatikana zaidi ya pauni milioni 3. Wengi waliochangia wasingetoa kitu kwa barua ya maombi ya kawaida. Walitoa kwa sababu walimwona mtu wanayemfahamu akitaabika kwa ajili ya jambo fulani, wakaifuata safari yake siku kwa siku. Hapo ndipo kupenda kwako mitandao kunapogeuka kuwa mtaji, maana tayari unao watu wanaokusikiliza.

Fedha zisipitie namba yako ya simu, hata kama kila mtu anakuamini. Fungueni akaunti ya pamoja yenye watia saini watatu, mmoja wao akitoka bodi ya shule, au tumieni lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la shughuli yenyewe. Chagueni namba moja na msiibadilishe mpaka mwisho. Nasisitiza hili kwa sababu matapeli hunakili tangazo lote, pamoja na picha zenu, wakabadilisha namba tu. Mtu aliyezoea kuona namba ile ile kila wiki atashtuka akiona nyingine. Kila Ijumaa wekeni jumla iliyopatikana, na baada ya ujenzi wekeni risiti za saruji, mbao na fundi pale pale mlipoombea. Vikundi vingi huwa na sauti kubwa wakati wa kuomba, kisha vinanyamaza wakati wa kutoa hesabu, na kimya hicho ndicho kilichowachosha wachangiaji wa nchi hii.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuuliza, nalo ndilo linalonitia hofu zaidi. Msiwaahidi watu kilele. Waahidini bweni. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na pale mwili hupata takriban nusu tu ya oksijeni inayopatikana ufukweni. Ugonjwa wa mwinuko unaweza kuanza hata kwenye mita 2,500, na haumchagui mtu kwa ujana wala kwa mazoezi. Mkimbiaji hodari anaweza kuzidiwa huku mwenzake mnene akipita salama. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za mwanzo. Lakini mtu akianza kuchanganyikiwa, kuyumba akitembea, au kupumua kwa shida hata akiwa ameketi, maji yanajaa kwenye ubongo au kwenye mapafu, na tiba ya kwanza ni kumteremsha papo hapo, iwe usiku au mchana. Sasa fikiria mtu aliyetangaza kwa maelfu ya wafuasi kwamba atawatumia picha ya machweo na macheo kutoka Uhuru. Kichwa kinamgonga, naye anamficha mwongozaji hali yake kwa kuona haya kurudi. Ahadi ya mtandaoni imekuwa mzigo mzito kuliko mkoba wake. Ndiyo maana nasema msikubali kabisa michango yenye masharti ya kilele, ile ya kwamba fulani atatoa milioni mkifika na hatatoa kitu mkishindwa. Tangazeni mapema kwamba kila mchango ni wa bweni hata kama kundi zima litaishia kambi ya Horombo, chini ya kilele, na kwamba neno la mwongozaji mkuu ndilo la mwisho.

Kwa sababu hiyo hiyo msibane siku. Wapangaji hupenda safari fupi kwa kuwa ni nafuu, na wanaotumia njia ya Marangu hulala Mandara, mita 2,720, kisha Horombo, mita 3,720, kisha Kibo, takriban mita 4,700, yaani karibu mita elfu moja kila siku, ilhali wataalamu hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe malazi yako zaidi ya mita 500 kwa siku. Ongezeni usiku mmoja Horombo, mtembee mchana kuelekea Miamba ya Pundamilia na kurudi kulala. Njia ya Machame husaidia zaidi kwa kuwa hukupandisha hadi Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, kisha hukushusha kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Kabla ya yote, kila mmoja amwone daktari. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, ujauzito au selimundu asijiamulie mwenyewe, na hata aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambaye huku chini haumwi, amweleze daktari, kwa kuwa mwinuko mkubwa unaweza kumletea matatizo ya bandama.

Baada ya hayo, furahini. Tangu Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania limefikisha intaneti ya kasi Horombo, kwa hiyo kuna mahali mlimani ambapo unaweza kurusha video jioni ukiwa umeketi na kikombe cha chai. Ushauri wangu ni kuweka habari mara moja kwa siku mkiwa kambini, na kumwachia mwenzenu aliyebaki Dar es Salaam kazi ya kujibu maoni, kukumbusha namba ya mchango na kutangaza jumla. Waambieni wazazi mapema kwamba siku mbili za kimya hazina maana ya msiba; mama yako atalala vizuri. Usipige video ukiwa kwenye Ukuta wa Barranco, ambako mikono yote miwili inahitajika. Usiku wa kwenda kileleni, unaoanza karibu saa sita, baridi huinyonya betri, hivyo simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, na usivue glavu kwa muda mrefu kwa ajili ya picha. Droni isirushwe bila kibali cha mamlaka ya hifadhi.

Na picha za wanafunzi ziwe chache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu taarifa za watoto pia, hivyo ridhaa ya mzazi au mlezi ni lazima. Lakini hata mzazi akikubali, usimweke binti mtandaoni kwa sura ya unyonge ili watu wamhurumie, kwa kuwa picha hiyo itamfuata hadi siku atakapoomba kazi. Onyesheni msingi wa jengo, njia wanayotembea, mwalimu mkuu akieleza kinachopungua. Hayo yanatosha kumgusa mtu mwenye moyo.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mgumu, napandisha mizigo Kilimanjaro. Vikundi vinavyopanda kwa ajili ya hisani vinakuja kila msimu na tunavipenda, lakini tuna malalamiko mawili. Kwanza, hutupiga picha tukiwa tumebeba mizigo kichwani, na baadaye tunajiona mtandaoni yakiwa yameandikwa maneno ya kutuhurumia. Pili, vikundi hivi hudai punguzo kwa kampuni kwa kusema ni safari ya hisani, na punguzo hilo huishia kwenye ujira wetu. Tuseme nini?
Mkazi wa Moshi Vijijini

JIBU: Marahaba, ndugu yetu. Kuhusu picha, una haki ya kukataa, na una haki ya kuuliza itatumika wapi. Wapandaji wanaosoma ukurasa huu waelewe kwamba mgumu yuko kazini, tena kazi ya ustadi. Aombwe ruhusa kama anavyoombwa daktari au mwalimu, na akikubali, aandikwe jina lake na kazi yake bila maneno ya huruma. Ningependa sana kuona kikundi cha hisani kikimpa mpishi wake nafasi ya kueleza, kwa sauti yake, namna anavyopika ugali na supu kwenye mwinuko ambao maji huchemka yakiwa na joto pungufu.

Malalamiko ya pili ndiyo mazito zaidi. Hisani inayolipwa na mwenye kipato kidogo kuliko wote msafarani haistahili jina hilo. Kikundi kinachotaka punguzo kiombe kwa maandishi lieleweke kuwa linatoka kwenye faida ya kampuni, na kiulize ujira wa kila siku wa mgumu, milo yake na hema lake kabla ya kulipa. Mzigo wa kampuni usizidi kilo 20, na mizani iko getini kwa kazi hiyo. Mpandaji anaweza kusimama pale akashuhudia. Kuna pia mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ulioanza mwaka 2003, ambao hufuatilia kampuni washirika wake na kuwaazima wapagazi mavazi ya baridi bila malipo. Kikundi kikichagua kampuni miongoni mwa washirika hao, kimepunguza sehemu kubwa ya tatizo. Bahashishi ikabidhiwe hadharani, kiasi cha kila mmoja kikitajwa mbele ya wote. Nawe, ukiona ujira umepunjwa, peleka malalamiko kwenye chama chenu mkiwa wengi, maana mtu mmoja akilalamika peke yake msimu ujao huenda asiitwe.

SWALI: Assalaam alaykum. Tuko Muscat, kundi la jamaa wenye asili ya Zanzibar. Tunataka kupanda Jebel Shams na kuchangisha kupitia WhatsApp kwa ajili ya kituo cha afya huko nyumbani. Kuna tatizo?
Msomaji wa Muscat

JIBU: Wa alaykum salaam. Matembezi hayana tatizo. Jebel Shams una takriban mita 3,000, na kwa watu waliozoea joto la Muscat yatosha kubeba maji mengi na koti la baridi la usiku. Tatizo liko kwenye mchango. Nchini Oman kukusanya fedha kutoka kwa umma bila kibali cha mamlaka ni kosa kisheria, na ujumbe unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp unaweza kuhesabiwa kuwa ni mwito kwa umma hata kama nia yenu ni safi. Nendeni kwanza kwenye taasisi ya hisani yenye leseni, muiulize kama inaweza kuipokea shughuli yenu na kuzifikisha fedha Zanzibar kwa njia rasmi, na msitume tangazo lolote kabla ya kupata jibu lake kwa maandishi. Wenye jamaa katika Umoja wa Falme za Kiarabu nao wasilisambaze tangazo hilo huko, kwa kuwa sheria yao ya michango ni kali vilevile.