Ni akina Johnson, Wajohnson au Johnson wawili?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, Mwanza. Klabu yetu ya historia inaandaa gazeti la ukutani, na toleo la safari hii linahusu watu mashuhuri wenye jina moja la Kiingereza, Johnson. Niliandika: "Akina Johnson wawili waliwahi kuwa marais wa Marekani." Mwalimu mwenzangu akafuta, akaweka "Wajohnson wawili". Mwanafunzi mmoja naye anashikilia "Johnsons", eti ndivyo wasemavyo wenye jina lao. Lipi sahihi? Na nikishawataja mara ya kwanza, niwatofautishe vipi bila kurudia majina kamili kila mstari?

JIBU: Mwalimu, andika "Johnson wawili". Jina liache lilivyo, wingi uonekane katika maneno yanayolifuata: Johnson wawili walikuwa marais, Johnson hao hawakuwa ndugu, Johnson wote tuliowataja wanajulikana. Hata darasani kwako unasema hivyo bila kufikiri. Ukiulizwa kuhusu kidato cha pili utajibu "kuna Juma watatu", wala hutasema "kuna Wajuma watatu". Jina la mtu hufuata ngeli ya mtu mwenyewe, na mtu yuko katika a-wa. Johnson mmoja alishinda, Johnson wawili walishinda. Basi.

La mwanafunzi tulimalize upesi. Ile "s" ni alama ya wingi kwa Kiingereza, na katika sentensi ya Kiswahili haina kazi. Hata soksi na chipsi zilizoingia kwetu na "s" yao zimeshaisahau asili hiyo: tunasema soksi moja, soksi mbili, na hakuna anayetafuta "soki".

"Wajohnson" kuna mantiki ndani yake, ila ni mantiki ya jambo jingine. Wa- ikipachikwa mbele ya jina hutupa watu wa kabila, wa mahali, wa imani au wa ukoo: Wahehe, Wapemba, Walutheri. Walutheri hawaitwi hivyo kwa sababu jina lao ni Luther. Ni watu wa kanisa lililotokana na mafundisho ya Martin Luther. Kwa hiyo msomaji wa gazeti lako akikutana na "Wajohnson" atadhani ni dhehebu, au ni wafuasi wa mwanasiasa fulani. Pwani tunasema Wamazrui walioitawala Mombasa hadi 1837, na Wabusaidi wa Unguja na Omani, na tunasema sawa kabisa, kwa kuwa hao ni koo kweli: wana mababu wanaojulikana, na Mmazrui ana haki ya kumwita Mmazrui mwenzake ndugu. Johnson na Johnson hawana haki hiyo, kama nitakavyoeleza.

Sasa "akina", ambalo ndilo lako. Hapa hukupotea mbali, na ndiyo sababu pananichukulia muda.

Neno hili, au "kina" kama wengi tunavyolitamka, lina kazi mahususi: hukusanya watu na kuwaegemeza kwa mmoja anayetajwa. Mtoto akitumwa "kwa kina Asha", anajua ni nyumbani kwa Asha, na huenda nyumba nzima Asha ni mmoja tu. Tukisema "akina Juma wameshaondoka", tuna maana ya Juma na wenzake, na wenzake hao wanaweza kuwa Musa, Petro na Rehema. Mtangazaji akisema "wanariadha wetu akina Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walirudi na medali za fedha kutoka Moscow 1980", anataja majina mawili yasiyofanana hata kidogo na bado "akina" imekaa vizuri. Kumbe basi "akina" haihesabu watu wenye jina moja. Inahesabu watu walio pamoja, kwa nyumba, kwa kazi au kwa sifa.

Ndiyo maana "akina Johnson wawili walikuwa marais" inasomeka kana kwamba ni wawili wa nyumba moja. Na Marekani kosa hilo ni baya zaidi kuliko kwingine, kwa sababu huko kweli kuna baba na mwana walioshika urais: John Adams na John Quincy Adams, halafu George Bush wawili. Ukiandika "akina Bush" nitakuunga mkono kwa mikono miwili, ni familia ile ile. Ukiandika "akina Johnson", umeshampa mwanafunzi wako undugu ambao haupo.

Tena marais wenyewe wamejaa mambo ya kufanana, hata mtu asiye mvivu anaweza kuteleza. Andrew Johnson alizaliwa 1808, Lyndon Johnson 1908. Wote walizaliwa majimbo ya kusini, mmoja North Carolina, mwingine Texas. Wote walikuwa makamu wa rais, na wote waliingia Ikulu kwa sababu rais aliuawa kwa risasi: Andrew baada ya Abraham Lincoln, Aprili 1865, na Lyndon baada ya John Kennedy, Novemba 1963. Yaani mtu akishaona hayo, akakuta na "akina" juu yake, utamlaumu akiandika kwenye mtihani kwamba walikuwa babu na mjukuu?

Katika mazungumzo sitamkosoa mtu anayesema "akina Johnson ni wengi mno Marekani". Watu husema, na maana inafika. Ila msemaji ana sauti na uso wa kumsaidia. Gazeti la ukutani halina.

Kwamba undugu huo haupo, sababu iko ndani ya jina lenyewe. Johnson ni mwana wa John, kama sisi tunavyosema bin Juma. Kila kijiji cha Uingereza kilikuwa na John wake, na kila John alikuwa na wanawe, kwa hiyo jina limeota kila mahali bila shina moja. Marekani ndilo la pili kwa wingi, baada ya Smith, na huko liliongezwa na wahamiaji kutoka Sweden na Norway waliokuja na Johansson na Johnsen zao wakazinyoosha kwa Kiingereza, pamoja na watu weusi waliotoka utumwani na majina ya Kiingereza.

Kwa hiyo nakuomba uwe mwangalifu na "jina la ukoo" pia. Kwenye fomu ya serikali halina ubaya, kila mtu anajua anatakiwa kujaza nini. Lakini ukitoka hapo ukaandika "watu wa ukoo wa Johnson", umevuka mpaka. Chukua Boris Johnson, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 2019 hadi 2022. Babu yake mzaa baba alizaliwa akiitwa Osman Kemal, mtoto wa Ali Kemal, mwandishi wa habari na mwanasiasa wa dola ya Osmani. Johnson ni jina la upande wa bibi aliyemlea huyo babu. Chukua na Ellen Johnson Sirleaf, rais wa Liberia kuanzia 2006 hadi 2018. Baba yake alikuwa Mgola, mtu wa kabila la Wagola, na jina la Johnson liliingia katika familia kwa heshima ya Hilary Johnson, rais wa Liberia wa miaka ya 1880. Sirleaf ni jina la mume. Nionyeshe ukoo uko wapi hapo. Mimi ningetumia "jina la familia", maana hata likija kwa kuazimwa, familia ndiyo inayolibeba.

Na kama orodha ni ya jina la familia, sema hivyo kwenye kichwa cha habari. Ukiandika tu "watu wanaoitwa Johnson", mwanafunzi mjanja atakuletea wanasiasa wa Kenya, Johnson Sakaja wa Nairobi na Johnson Muthama wa Machakos, na atakuwa na haki. Kwetu Johnson mara nyingi ni jina la kwanza, la ubatizo, si la mwisho.

Swali lako la pili ndilo linalonifurahisha, kwa sababu fani yangu imeishi nalo miaka mingi. Sema "Kamusi ya Johnson" mbele ya mtu wa Kiingereza, atakuelewa kuwa ni kamusi ya Samuel Johnson, iliyotoka London mwaka 1755 ikiwa na maneno yapatayo 42,000. Sema hivyo hivyo mbele ya mtu wa Kiswahili, akili yake itakwenda kwa Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa kamati ya lugha iliyoundwa 1930 kusanifisha Kiswahili cha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kamusi aliyoisimamia, ya Kiswahili kwa Kiingereza, ilijengwa juu ya kazi ya Madan, mtunzi wa kamusi aliyemtangulia, na ikachapishwa 1939, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Johnson wawili, kamusi mbili, na maneno matatu yale yale yakibeba zote. Nimewahi kusoma tasnifu ambayo maneno hayo yalirudiwa ukurasa baada ya ukurasa, na sikuweza kujua mwandishi alikuwa London au Dar es Salaam mpaka nilipofika kwenye mwaka.

Na wala hapo mambo hayajaisha, maana kuna Samuel Johnson wa pili. Huyu alizaliwa Freetown, Sierra Leone, 1846, akawa padri wa Kianglikana katika nchi ya Wayoruba, na akaandika historia yao. Mswada aliumaliza 1897, ukapotea mikononi mwa wachapishaji. Alipofariki 1901, mdogo wake Obadiah, aliyekuwa daktari, aliuandika upya kutoka katika maandishi yaliyobaki, na kitabu kikatoka 1921. Samuel wawili wa vitabu, mmoja Mwingereza na mmoja Myoruba: hapo hata jina kamili halikuokoi. Itakubidi uongeze pale anapotoka au kazi yake: Samuel Johnson wa kamusi, Samuel Johnson wa Wayoruba. Wawili hawa unaweza kuwaita wajina. "Somo" nisingelitumia, ingawa kamusi zitakuruhusu. Somo wangu ni mtu ninayetaniana naye, tunaulizana hali, na pengine mmoja wetu alipewa jina kwa ajili ya mwingine.

Waingereza humwita yule wa kamusi Dokta Johnson, kwa shahada ya heshima. Ukichukua njia hiyo, tafadhali andika "Dkt." na usiandike "Daktari", wanafunzi wasije wakamtafutia hospitali. Daktari wa kweli hapa ni Obadiah.

Kwa wengine, fuata tu tunavyofanya nyumbani. Mkenya hasemi "Odinga wa kwanza" na "Odinga wa pili". Husema Jaramogi, husema Raila. Wazanzibari wana Mzee Karume na wana Amani. Tunashika jina ambalo ni la mtu peke yake, na halikosi heshima: tunasema Rais Samia, na hakuna anayeona amevunjiwa adabu. Ile desturi ya kumtaja kila mtu kwa jina la mwisho kuanzia mara ya pili tumeichukua kwenye magazeti ya Kiingereza, na kwenye ukurasa wenye Johnson saba haifai kitu. Baada ya kumtaja kwa ukamilifu, andika Andrew, andika Lyndon. Mcheza kikapu Earvin Johnson mwite Magic kama dunia nzima inavyomwita. Rais wa Liberia mwite Sirleaf, au Mama Sirleaf ukipenda. "Johnson Mkubwa" na "Johnson Mdogo" viache, hivyo ni vya baba na mwana.

Wanariadha ndio watakusumbua, kwa kuwa "mwanariadha Johnson" haitoshi. Ben Johnson wa Kanada alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79 huko Seoul 1988, akanyang'anywa medali siku chache baadaye kwa kutumia dawa zilizokatazwa. Michael Johnson wa Marekani alishinda mita 200 na mita 400 huko Atlanta 1996. Ukiwachanganya hapa, umemvika mtu aibu isiyo yake. Tumia nchi: Johnson wa Kanada, Johnson wa Marekani. Au tumia mbio zenyewe. Na Ben huyo si yule mwandishi wa tamthilia wa zama za Shakespeare, ambaye jina lake ni Jonson, bila "h".

Sentensi yako ya mwanzo basi iwe hivi: "Johnson wawili, wasio na undugu wowote, waliwahi kuwa marais wa Marekani: Andrew, aliyeingia 1865, na Lyndon, aliyeingia 1963."

Nimeona pia katika rasimu yako kwamba umemweka Harry Johnson, aliyetia saini Mkataba wa Buganda wa 1900 kwa niaba ya Uingereza. Huyo ni Johnston, mwenye "t" katikati. Sehemu ya mwisho ya jina lake haitoki kwenye neno la mwana bali la mji, na ni jina jingine kabisa. Mtoe.